Kibanio Chekundu

Hospitali huonyesha uso wake mbele, kwenye vigae vilivyopigwa deki na dirisha la kuandikishia wagonjwa, lakini roho yake iko nyuma, kwa wanawake wanaofua. Huko nyuma, ukishapita jiko na kabla hujafika ukutani, palikuwa na chumba kirefu chenye mashine mbili za kufulia, moja ya kukamua, meza ya saruji ya kukunjia, na mlango uliofunguka kwenye ua wa kamba kumi na mbili. Mashine ya kukamua ilikuwa kuukuu kuliko baadhi ya madaktari. Ikianza kuzunguka, sakafu ilitetemeka mpaka vikombe vya chai vikatembea vyenyewe mezani, na ukitaka kumwambia mwenzako neno ilibidi umpigie kelele sikioni.

Wanawake saba walifanya kazi humo, na wa nane ndiye aliyewaongoza. Alikuwa ameongoza miaka kumi na nane. Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa ofisini tu. Kwa watu wote alikuwa Bi Kibanio, kwa sababu vibanio vya nguo havikumwachia. Vilikuwa kolani, vilikuwa mfukoni, vilikuwa kwenye ncha ya kitambaa cha kichwa, na siku nyingine kimoja cha mbao kilikaa mdomoni, kati ya meno, kama fundi cherehani anavyoshika pini. Watu walidhani ni mazoea tu. Mwingine hutafuna njiti, mwingine huuma kucha, yeye aliuma kibanio.

Kila asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, aliweka kiganja juu ya rundo la mashuka safi akaomba dua moja fupi, ileile miaka yote: "Ee Mola, atakayelala juu ya haya, aamke." Wote wakaitikia, kila mmoja kwa imani yake. Kisha maji yakafunguliwa.

Miongoni mwa wale saba alikuwamo mmoja aliyeitwa Mnong'ono, na ndiye tutakayefuatana naye. Sauti yake haikuwa mbovu, ilikuwa ndogo. Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili, na chumba cha pili alilala baba yake, mgonjwa wa kichwa asiyevumilia hata kijiko kuanguka. Miaka saba watoto wa nyumba ile waliomba chakula kwa kunong'ona, wakagombana kwa kunong'ona, na hata kicheko walikitoa puani. Baba alipofariki waliambiwa sasa wanaweza kulia kwa sauti. Mnong'ono alifungua kinywa, akakuta sauti yenyewe haipo.

Aliolewa na mwashi, mwanamume mcheshi ambaye masikio yake yalikuwa yamechoshwa na nyundo. Mume huyo alikuwa akiwaambia marafiki zake, "Mke wangu akisema, lazima nimtazame mdomo ndipo nimwelewe. Ndiyo maana sijapata nafasi ya kumtazama mwanamke mwingine."

Basi hapo kazini palikuwa na utaratibu ambao hukuukuta kwingine kokote. Jumatatu ndiyo siku nzito ya kufua, maana nguo za siku mbili za mapumziko hukusanyika zikawa mlima. Na siku hiyohiyo nzito ndiyo Bi Kibanio aliyoichagua kuacha ukubwa. Baada ya dua, alichomoa kolani kibanio kimoja chekundu, cha pekee katika vibanio vyote, akambana nacho mmoja wao begani. Kuanzia hapo mpaka jioni, mwenye kibanio chekundu ndiye mkuu. Yeye ndiye aliyegawa kazi, aliyeamua kipi kifuliwe kwanza na kipi kingoje, aliyejibu wauguzi wakija kulalamika. Na Bi Kibanio alikuwa mfuaji kama wengine. Ukimwambia beba, alibeba. Ukimwambia suuza, alisuuza. Ukimfuata kumuuliza, "Bi Kibanio, hapa tufanyeje?" alikujibu bila hata kuinua macho, "Mimi leo ni mfuaji tu. Niulize habari za povu."

Wageni waliuliza sababu, naye hakuificha. Kabla yake kulikuwa na mkuu mwingine, mama hodari sana, ambaye kila kitu alikiweka kichwani mwake na ufunguo wa ghala la mashuka akauweka kifuani. Siku moja akapatwa na kiharusi. Siku tatu nzima hakuna aliyejua sabuni iliagizwa wapi, wala nguo za wodi gani zilichemshwa na zipi hazikuchemshwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. "Nilipeleka mashuka mawili tu wodi ya wazazi," Bi Kibanio alisimulia. "Nikamkuta mama amejifungua, amelala juu ya mpira wa godoro, ngozi yake imegandia pale, na mtoto amefungwa kwa blauzi ya mama yake. Akanishukuru. Mimi, niliyekuwa na mikono miwili na sikuthubutu kuamua, akanishukuru. Nikasema Mungu akinipa uhai, hapa hapatakuwa tena na watu saba wanaomngoja mmoja."

Wanawake sita kati ya saba walikuwa wamekivaa kibanio hicho mara nyingi. Wengine walikivaa wakitetemeka, wakakivua jioni wamenyooka mgongo. Yule waliyemwita Shangazi Radi, mkubwa wao kwa umri na kwa sauti, alikivaa kama nishani na siku yake ilisikika mpaka lango kuu. Ni Mnong'ono peke yake ambaye katika miaka mitatu hakuwahi. Kila zamu yake ilipokaribia, jino lilimuuma.

"Jino hilo lina kalenda," Shangazi Radi alisema. "Linajua Jumatatu kuliko sisi."

Bi Kibanio hakumlazimisha. Alimruka, akampa mwingine, lakini kila alipomruka alimtazama kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ndipo ikaja siku ya kustaafu kujulikana. Matroni, mwanamke mrefu mwenye saa iliyopachikwa kifuani, aliingia dobini akasimama mlangoni maana sakafu ilikuwa na maji. Alisema Bi Kibanio amebakiza mwezi mmoja. Ofisi ina njia mbili: ama achaguliwe mmoja wao awe mkuu, ama kama hakuna anayefaa, dobi iwekwe chini ya stoo.

Chini ya stoo maana yake chini ya Bwana Stoo, mtu aliyesukuma toroli la kukusanya nguo na aliyewahi kufungia sabuni kwa kufuli akawa anaigawa kwa kijiko. Alikuwa papo hapo, ameegemea toroli lake.

"Kufua mnajua, dada zangu, sikatai," alisema. "Lakini kuongoza ni kazi nyingine. Msijali, nitawalea."

"Ulee masharubu yako kwanza," Shangazi Radi akamjibu. "Upande mmoja umedumaa."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa na ufa. Jioni, wakati wa kukusanya vibanio, Bi Kibanio alimwita Mnong'ono uani, kati ya kamba ya nane na ya tisa.

"Mwanangu, Matroni ameniuliza nani. Sita nawajua, nimewaona wakiongoza, naweza kumwambia huyu yuko hivi na yule yuko vile. Wewe sikujui."

"Bi Kibanio, mimi sauti sina."

"Sikukuuliza sauti. Mwaka jana ni nani aliyesema ile mashine ya pili inalia vibaya, siku mbili kabla haijavunjika mkanda? Ni nani aliyeona sindano ndani ya shuka kabla haijamchoma mtu? Wewe unaona. Unaona, halafu unameza. Mungu hakupi macho ili uyafiche tumboni." Kisha akasema polepole, "Jumatatu ni yako. Na jino likiuma, njoo nalo."

Usiku huo Mnong'ono hakula vizuri. Mumewe alimtazama mdomo mpaka akaelewa habari yote, kisha akaweka kijiko chini. "Mke wangu, ukuta hauulizi sauti ya fundi. Unauliza timazi, kile chuma cha uzi cha kupimia wima. Mimi nimeona mafundi wanaopiga kelele kutwa na ukuta wao umepinda kama mkia wa paka."

"Na timazi linafanyaje?"

"Timazi halifanyi kitu. Linaning'inia tu mahali pake, na halisogei kwa kuogopa mtu."

Jumatatu ikafika. Baada ya dua, kibanio chekundu kilimbana begani, na ajabu ni kwamba kitu chepesi namna ile kilimlemea kama ndoo. Aligawa kazi kwa kumsogelea kila mmoja na kumwambia sikioni. Shangazi Radi akaigiza kwa kuwatangazia wote, "Mkuu amesema mimi nikunje! Amesema kwa siri, lakini amesema!"

Siku hiyo palikuwa na jambo jipya. Magauni ya chumba cha upasuaji, yale ya kijani yaliyochakaa, yalikuwa yakibadilishwa na mapya. Ishirini na manne yalikuwa yamefuliwa, yamekauka, yanangoja kukunjwa na kufungwa kwenye vifurushi. Sasa gauni la daktari wa upasuaji halikunjwi kama shati. Hukunjwa nje ikiwa ndani: upande utakaogusa mwili wa daktari ndio unaokaa juu, ili akilishika kwa mikono iliyooshwa asiguse kamwe upande utakaomwelekea mgonjwa. Kwa magauni ya zamani hata kipofu angejua upi ni upi, maana mishono ya ndani ilikwaruza vidole. Lakini haya mapya yalikuwa laini pande zote. Tofauti waliyoiona ilikuwa moja tu: kifuani na mikononi yalikuwa na kipande cha kitambaa kizito kilichoshonewa upande mmoja.

Waliyageuza, wakayageuza tena.

"Kizito ndiyo ndani," Shangazi Radi aliamua. "Kile chumba kina baridi. Wamewawekea madaktari joto la kifua."

Mnong'ono alikishika kile kipande. Kilikuwa kimefumwa kwa kubana sana, maji hayangepita upesi. Akafikiri: hiki si cha joto. Hiki ni cha kuzuia damu, na damu hutoka kwa mgonjwa, basi hiki ndicho nje. Aliliona jambo hilo wazi kabisa, kama mtu anavyoona jiwe chini ya maji. Akafungua mdomo. "Labda..."

"Labda nini, mkuu?" Shangazi Radi alimwinamia na sikio lake lote. "Mimi nimekunja magauni hapa tangu wewe unanyonya."

Mnong'ono akamtazama Bi Kibanio. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kibanio cha mbao kati ya meno, akingoja kuambiwa. "Bi Kibanio, wewe waonaje?"

Bi Kibanio akatoa kibanio mdomoni. "Mimi leo ni mfuaji tu. Niulize habari za povu." Akakirudisha.

Na Mnong'ono akameza. "Haya," alisema, "kunjeni hivyo."

Kosa lake halikuwa la kutojua, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye. Alijua, akanyamaza, akaiachia sauti kubwa ikae mahali pa ukweli.

Mashine ya kukamua ilinguruma. Mikono minane ilikunja, ikafunga, ikapanga. Bi Kibanio alikunja kama alivyoambiwa, nadhifu, pembe kwa pembe, akikiuma kibanio kwa nguvu hata taya lake likatokeza. Vifurushi vikapanda mezani: sita, kumi, kumi na saba. Mnong'ono alikuwa akipita na mashuka ya wodini, na kila alipopita macho yake yalirudi mezani yenyewe. Vilikuwa vizuri mno kutazama, na kila kimoja kilikuwa uongo uliofungwa kwa utepe.

Kilipofungwa cha ishirini na nne, akasikia magurudumu ya toroli kwenye njia ya saruji. Bwana Stoo anakuja.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hata yeye hakukipanga. Alichukua kifurushi kimoja, akakifungua, akalivaa gauni lile vilevile lilivyokunjwa, kizito kikiwa ndani. Akamgeuzia Shangazi Radi mgongo, akamwonyesha kwa kidole: nifunge.

Shangazi Radi akatafuta kamba za kufungia. Akatafuta shingoni, akatafuta kiunoni. "Ziko wapi? Hawa watu wameshona gauni bila kamba?" Akaingiza mkono hadi kiwiko ndani ya gauni, kama anayemtafuta kuku mvunguni mwa kitanda, akazipata huko, mwilini mwa Mnong'ono. Zote nne zilikuwa ndani. Hakuna binadamu ambaye angeweza kuzifunga. Akaduwaa na kamba mkononi.

"Simameni," alisema Mnong'ono.

Hakuna aliyesikia, mashine ilimeza neno. Akasema tena, akatumia pumzi yake yote, na bado mashine ilikuwa kubwa kuliko yeye. Basi akaacha kupambana nayo. Alitembea hadi ukutani, na gauni lile linamwangukia, akashika swichi kubwa ya mashine ya kukamua, akaizima.

Ngurumo ikashuka, ikashuka, ikafa. Vikombe vikaacha kutembea. Katika ule ukimya hata tone la bomba lilisikika, na sauti ndogo ya Mnong'ono ikajaa chumba kizima kama maji yanavyojaa beseni.

"Tumekosea. Vyote vifunguliwe. Na kosa ni langu, si la Shangazi. Mimi niliona mapema nikanyamaza."

Bwana Stoo alikuwa ameshafika mlangoni. "Mbona kimya, kuna msiba? Nipeni vifurushi, mashine ya mvuke inangoja kuviua vijidudu."

"Havitoki," alisema Mnong'ono.

"Nini?"

"Havitoki. Vimekunjwa vibaya."

Akacheka, akamtazama Bi Kibanio juu ya vichwa vya wengine. "Mama, hebu waambie watoto wako. Nani kasema havitoki?"

Bi Kibanio akatoa kibanio mdomoni. "Mwenye kibanio chekundu kasema."

"Huyu anayenong'ona?"

"Umemsikia au hukumsikia?"

Alikuwa amemsikia. Akageuza toroli kwa hasira, likagonga mlango, na baada ya dakika chache Matroni aliingia, safari hii bila kujali maji.

"Kuna mama anafanyiwa upasuaji saa sita," alisema. "Mtoto amekaa vibaya, hawezi kungoja. Naambiwa hapa hakuna gauni hata moja. Nani ananijibu?"

Miguu ya Mnong'ono ilitaka kuondoka peke yake. Jino lilimuuma kweli, Mungu ni shahidi. Lakini akakumbuka kile chuma cha timazi, kinavyoning'inia tu, na hakisogei. "Nakujibu mimi," alisema. "Magauni mapya tumeyakunja upande usio wake. Niliona, nikaogopa kusema. Kuyafungua na kuyakunja upya ni saa moja na nusu, tena kuna mvuke. Saa sita hatutawahi. Lakini sitakupa haya, Matroni. Hata ukiniamuru."

Matroni aliitazama saa yake. Pale ndipo Bi Kibanio alipoinuka kigodani. Hakumwendea Matroni. Alimwendea Mnong'ono, akasimama mbele yake, mikono imekunjwa, kama mfanyakazi mpya.

"Mkuu," alisema, "mfuaji anaomba ruhusa ya kusema."

Mnong'ono alidhani anataniwa. Alimtazama usoni, akaona si mzaha. "Sema, mama."

Bi Kibanio akainama chini ya meza ya saruji, penye rafu ya chini kabisa iliyozibwa kwa pazia la shuka kuukuu, mahali ambapo wote walijua panawekwa matambara ya deki. Akavuta pazia. Vilikuwemo vifurushi vinane, vya magauni ya zamani yenye mishono inayokwaruza, vimekunjwa sawasawa, vimefungwa, safi.

"Vinatosha kwa mama mmoja na mtoto wake," alisema. "Vikienda kwenye mvuke sasa hivi, saa sita vitakuwa tayari."

Matroni alivihesabu kwa macho. Akamtazama Bi Kibanio, akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akijua jambo miaka mingi na leo amelishika mkononi. Bwana Stoo akaambiwa apakie. Alipakia, akasukuma toroli kuelekea kwenye mvuke.

Walipobaki wenyewe, Mnong'ono aliuliza, "Umevikunja lini?"

"Alfajiri."

"Ulijua nitakosea?"

"Sikujua. Sikuja kukunja kwa sababu yako, mwanangu. Nakunja kila Jumatatu. Anayejifunza kupanda mti lazima apewe mti wa kweli, lakini hakukatazwa mtu kutandika majani chini."

"Kila Jumatatu?" Shangazi Radi alisogea. "Hata Jumatatu zangu?"

"Za kwako," Bi Kibanio alisema kwa upole, "nilikuwa nakunja kumi na sita."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye maji. Shangazi Radi alicheka kuliko wote, akijifuta macho kwa gauni la upasuaji, ikabidi lifuliwe upya. Ila Mnong'ono hakucheka. Alikuwa anahesabu. Miaka kumi na nane. Jumatatu zote za miaka kumi na nane, za mvua na za jua, mwanamke huyu aliamka wakati wengine wamegeukia ukuta, akaja peke yake hapa, akatandika chini ya miguu ya watu wasiojua kwamba wametandikiwa. Halafu akakaa kigodani akaamriwa. Mara nyingi vile vifurushi havikuhitajika, akavifungua jioni kimyakimya, wala hakumwambia mtu. Mnong'ono alihisi kama siku ile alipoinua macho utotoni akatambua kwamba anga halina nguzo na bado halianguki. Wako watu, aliwaza, ambao Mungu huwatumia kama anavyoutumia msingi wa nyumba: kila mtu husifia dirisha.

Saa tisa alasiri muuguzi alipita kuchukua mashuka ya wodi ya wazazi, akasema yule mama amejifungua mtoto wa kike, mwenye mapafu ya tarumbeta. "Amlete huku," Shangazi Radi alisema. "Amgawie mkuu wetu kidogo."

Siku ya mwisho ya mwezi Matroni alirudi. Alisema ofisini ameandika jina la yule aliyezima mashine. Wote wakamgeukia Shangazi Radi, maana alikitaka cheo kile nao walijua. Aliinamisha kichwa, akavunjavunja povu kwa kidole. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Sawa. Lakini akitaka kutugombeza, atatuandikia barua, maana hatutamsikia." Akamkumbatia Mnong'ono, akamnyanyua kabisa kutoka sakafuni.

Bi Kibanio hakutaka sherehe. Alimbandika Mnong'ono kibanio chekundu kolani, akamkabidhi na kopo la bati lililojaa vibanio vya mbao, vikuukuu, vimefubaa kwa maji. "Hivi navyo utavihitaji," alisema. Mnong'ono alivitazama, akaona vyote vimetobokatoboka ubavuni, mashimo madogo mawili mawili, kama vimeliwa na panya. Akafikiri ni kumbukumbu ya kizee tu. Akashukuru, akaviweka rafuni.

Jumatatu iliyofuata alifika alfajiri. Ua ulikuwa bado wa kijivu, na kamba kumi na mbili zilikuwa tupu, zinang'aa umande. Aliwasha taa moja. Akakunja vifurushi, kimoja, viwili, mpaka vinane, akavificha nyuma ya pazia, na magoti yalipomuuma akajua kwamba magoti mengine yaliuma hapohapo. Wenzake walipofika aliweka kiganja juu ya mashuka. "Ee Mola, atakayelala juu ya haya, aamke." Kisha akachomoa kibanio chekundu, akambana nacho begani yule aliyekuwa mpya kuliko wote, msichana aliyeajiriwa kujaza nafasi iliyobaki wazi, aliyeitwa Samahani kwa kuwa hakujua kuanza sentensi bila neno hilo.

Haikupita saa moja. Samahani aliamuru mablanketi mazito yaanikwe kwenye kamba za mbele na mashuka yakae nyuma yake. Kila mfuaji mwenye mwaka mmoja anajua kwamba ukifanya hivyo kivuli cha blanketi kinayalalia mashuka, na jioni yanatoka mbichi. Mnong'ono aliona. Aliona wazi kabisa. Neno likapanda kooni, na sasa, ajabu ya Mungu, lilikuwa na sauti, kubwa, tayari kutoka. Mkono wake ulipapasa rafuni wenyewe, ukaingia kwenye kopo la bati, ukatoka na kibanio cha mbao. Akakitia mdomoni, akauma. Meno yake yakatua mlemle katika mashimo ya zamani.

Akasimama hivyo muda mrefu, hasogei, machozi yakimlengalenga.

"Samahani, mama mkuu," msichana aliita kutoka uani, blanketi begani. "Samahani, hivi ninavyoanika ni sawa?"

Mnong'ono akatoa kibanio. "Mimi leo ni mfuaji tu," alinong'ona. "Niulize habari za povu."

Akakirudisha, akanyanyua beseni, akaenda kuanika pale alipoambiwa.